Mbunifu wa ugavi wa dawa atafutwe stoo

Mwaka 2013, jumba la Design Museum la London lilikitunuku kifurushi cha dawa ya kutibu kuharisha kutoka Zambia kiitwacho Kit Yamoyo. Kilichowavutia wengi ni umbo lake: kilitengenezwa kiingie katika nafasi zilizo baina ya chupa ndani ya kreti ya Coca-Cola, kwa hoja kwamba soda hufika hata vijiji ambavyo dawa haifiki. ColaLife, shirika lililokibuni, lilipofuatilia mzigo wake vijijini likakuta kwamba vifurushi vilivyosafiri ndani ya kreti ni vichache mno. Vingi vilibebwa na wenye maduka kwa njia zao wenyewe, kwa kuwa viliwaachia faida na wazazi walivitaka. Shirika likayatangaza hayo bila kificho, kisha likaliacha umbo lile lililolipatia sifa.

Kwangu mimi, hiyo ndiyo alama ya mbunifu wa kutumainiwa katika ugavi wa bidhaa za afya: anajua mzigo wake ulifika wapi na ulibebwa na nani, na yuko tayari kuachana na wazo lililopigiwa makofi. Mashindano ya hotelini, ambamo wafadhili huwasaka wabunifu wa kuwapa fedha, hayawezi kumpima mtu wa namna hiyo, maana jukwaani hupimwa ufasaha (na mara nyingi ufasaha wa Kiingereza).

Hapa Mombasa tuna shule nzuri ya jambo hili. Dawa zinazoingia kwa meli, zetu na sehemu ya zile za Uganda na Rwanda, hupitia bandari ya Kilindini, lakini ukaribu wa bandari hauihakikishii zahanati ya Likoni rafu iliyojaa. Tangu ugatuzi wa 2013, kaunti ndizo zinazoagiza na kulipia dawa, na madeni yao kwa KEMSA, mamlaka ya taifa ya kusambaza dawa, yamekuwa habari ya mara kwa mara. Programu ya simu inayoonyesha kuwa dawa imekwisha haina msaada mkubwa ikiwa anayeona taarifa hiyo hana fedha za kuagiza. Tena kuna joto letu: oksitosini, inayookoa mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua, hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na friji ya zahanati hutegemea umeme ambao sote tunaujua tabia zake.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mwombaji yeyote wa ufadhili lingekuwa: ni nani aliyekulipa mara ya pili, ufadhili ulipokwisha? Kampuni ya Zipline, iliyoanza kupeleka damu kwa ndege zisizo na rubani nchini Rwanda mwaka 2016, husifiwa kwa ndege zake, ilhali ilikuwa na serikali kama mteja anayelipia huduma. LifeBank ya Nigeria, iliyoanzishwa na Temie Giwa-Tubosun, ilianza kusafirisha damu kwa pikipiki, chombo ambacho hakuna mwamuzi angekishangaa.

Wafadhili wakija huku, waanzie stoo za Likoni na Jomvu siku mzigo unapopokelewa, wazisome kadi za dawa, na wamhoji karani anayezijaza kabla hawajamsikiliza mwombaji hata mmoja. Huenda karani huyo amekwisha kubuni njia yake ya kuazimana dawa na zahanati jirani, na fomu ya maombi hajawahi kuiona.