Sikuipungia Mkono, Nilikuwa Naonyesha

Jamani, naona ile sauti aliyoirekodi rafiki yangu, eti nilisimama juu ya paa nikipunga mkono angani, imeshazunguka makundi yote, hadi mama mdogo amenitumia na vicheko juu yake. Basi nisikilizeni na mimi niliyefikwa. Kwanza kabisa, sikuipungia mkono. Nilikuwa naonyesha kwa kidole. Kidole na mkono ni vitu viwili.

Mnaonijua mnajua kazi yangu ni uhasibu. Kazi yenyewe sina ugomvi nayo, nimechoka kuitwa kwa jina lake tu. Ukisema "mimi ni mhasibu" mbele za watu, mazungumzo yanakufa palepale, au mtu anakusogelea kunong'ona habari za kodi. Wakati mimi, anga likiwa safi, nipo juu ya paa na darubini shingoni, na Kilimia, lile kundi la nyota, inachomoza saa ngapi nakwambia bila kuangalia popote. Huyo ndiye mimi. Kwa hiyo zamu ya kujitambulisha ilipozunguka pale kwenye mwaliko, daktari kataja udaktari wake, mhandisi kataja uhandisi wake, mimi nikavuta pumzi nikasema: "Mimi ni mtazamaji wa nyota."

Kimya. Halafu "Aaah!" Dada mmoja akasogeza kiti karibu. Kusema kweli, sijatazamwa hivyo tangu nihitimu.

Kumbe cheo kinamlinda mtu. Hakuna anayemwambia mhasibu, "Haya, funga hesabu tukuone." Lakini taja unachokipenda, mtihani unaanza papo hapo. Mwenyeji akazima muziki, akazima taa za nje, nyumba nzima ikapanda juu ya paa. Rafiki yangu msambazaji, simu tayari mkononi. Darubini ilikuwa kwenye gari. Ndiyo, natembea nayo. Msianze.

Sasa hapa twende polepole, maana hivyo ndivyo inavyonirudia kila nikifumba macho.

Upande wa magharibi, juu kidogo ya mapaa, palikuwa na nukta moja angavu, imetulia, haipepesi. "Nyota humetameta," nikaanza, sauti ya ualimu imenitoka sijui wapi, "sayari hutulia. Ile ni Mshtarii." Watu wakaguna kwa heshima. Nikanogewa. Nikawaambia kwa ukubwa wake ingemeza Dunia zaidi ya 1,300. Nikawaambia mwanga wanaouona umeondoka kule kama dakika 40 zilizopita. Nikawaambia mwaka 1610 Galileo aliielekezea darubini akaiona miezi yake minne, na kwamba hata kwa hii yangu inaonekana. Nikamkabidhi darubini mama mmoja wa makamo.

Akatazama. Akavua miwani, akatazama tena.

"Mimi naona miwili."

"Mingine itakuwa imejificha nyuma," nikasema. Na ni kweli hujificha, someni.

"Mmoja mwekundu. Mmoja wa kijani."

Wadau, hapo mtu mwenye akili zake angeshuka ngazi. Mimi nikaeleza kwamba vioo vya darubini za bei nafuu huuchambua mwanga, rangi zikatokea pembeni. Jambo ambalo pia ni kweli! Kila nilichosema usiku ule kilikuwa kweli, isipokuwa kile nilichokuwa nakionyesha.

Kidole bado kiko juu. Nukta ikanenepa. Mtu akauliza, "Mbona inakua?" Nikamjibu kuwa macho yakizoea giza huona zaidi. Nukta moja ikawa mbili. Pembeni kitu kikaanza kuwaka na kuzima. Kidole bado kiko juu, sasa kinaifuata, maana ilikuwa inakuja. Kisha ukasikika muungurumo, wa mbali kwanza, halafu si wa mbali tena. Na mtoto wa mwenyeji, kwa adabu zote alizofundishwa, akanivuta shati: "Anko, Mshtarii imetoa magurudumu."

Ikapita juu ya vichwa vyetu, madirisha yote yamewaka, na kidole changu kikageuka nayo mpaka upande wa pili. Ndiyo hiyo "kupunga mkono" mnayoisikia.

Yule mhandisi, mtu ambaye hata hatujuani, akasema taratibu: "Lakini hilo la dakika 40 huenda ni kweli. Ndipo iliporuka."

Mengine mnayo. Watu walikaa chini kabisa kwa kicheko, miguu imewaisha nguvu. Dada wa kiti alikuwa anafuta machozi. Mshtarii yenyewe ilikuwa mashariki, nyuma yetu muda wote, juu ya tangi la maji. Nikaionyesha, hakuna aliyegeuka isipokuwa yule mama, naye akaniuliza hiyo inatua saa ngapi. Kwenye kundi sasa naitwa Mnara wa Kuongozea Ndege. Na siku nyingine nikiulizwa nitajitambulisha vilevile, andikeni. Tatizo ni msambazaji, akatoboa siri ya uhasibu, na muda si mrefu nikajikuta nimekaa pembeni nampigia daktari hesabu ya riba ya mkopo wake. Walikuwa wamemzidishia. Kafurahi mno, kanialika kwake mwezi ujao, ila kasema darubini niiache nyumbani.