Siku 90 za Afrika Kusini si miezi mitatu ya nyumbani

Kinachonifurahisha mpakani mwa Afrika Kusini ni muhuri wao. Umeandikwa tarehe ya mwisho ya kukaa. Huhitaji kumjua mtu wala kumpigia simu shemeji wa mtu. Unafungua pasi, unasoma, umemaliza. Kinachoniudhi ni kwamba Watanzania wenzangu wengi hapa Johannesburg hawausomi. Nenda Park Station siku yoyote utawasikia: "Naenda Beitbridge kugonga, kesho narudi." Yaani anakwenda mpaka wa Zimbabwe kugongewa muhuri ili apate siku mpya. Kugonga nini, kaka?

Pasi yetu inaingia huku bila viza kwa siku 90 kwa mwaka. Wakenya nao, tangu Januari 2023, wana siku 90 hizohizo kwa mwaka. Hilo neno "kwa mwaka" ndilo linalorukwa. Ukizimaliza, kuvuka daraja la Limpopo, kunywa soda upande wa Zimbabwe na kugeuza hakukupi siku 90 nyingine. Maseru Bridge ya kwenda Lesotho ni vilevile, Oshoek ya Eswatini vilevile, Lebombo ya Msumbiji vilevile. Ofisa akishapitisha pasi kwenye mashine anaona ulivyoingia na ulivyotoka. Siku zikiwa zimebaki, atakupa hizo zilizobaki. Zikiwa zimekwisha, unaweza kujikuta umekwama kati ya nchi mbili na begi lako.

Sisi tumelelewa na kuelewana. Siku zimepita? Tutaelewana. Karatasi haijakamilika? Njoo tuongee. Najua kuna mtu ameshaanza kuandika kwamba nimekaa ughaibuni nimesahau nilikotoka. Sijasahau. Kuelewana kwetu kuna utu ndani yake, na ofisa wa mpaka wetu wa Tunduma anayemsikiliza mtu aliyefiwa na kumpitisha simlaumu hata kidogo. Ninachosema ni kwamba tarehe iliyo ndani ya kompyuta ya Pretoria haina wa kuelewana naye, na anayedhani yupo anapoteza mwaka mzima wa maisha yake.

Hesabu yenyewe tunaikosea. Mtu ameingia tarehe 1 Julai. Anasema ana miezi mitatu, anakata tiketi ya basi ya tarehe 30 Septemba. Ukianza kuhesabu na siku ya kuingia, siku ya 90 ni tarehe 28 Septemba, kwa hiyo ameshachelewa kabla hajafunga begi. Mwingine anaijua hiyo 28 na anapanda basi jioni ya tarehe hiyohiyo. Basi linafika Beitbridge usiku wa manane au alfajiri, halafu kuna foleni, na Desemba au Pasaka foleni hiyo haina mfano. Inayohesabiwa ni tarehe ya muhuri wa kutoka, na muhuri utasema 29. Ondoka siku tatu kabla. Na ukiwa unaingia, usibanduke dirishani kabla hujasoma walichoandika, maana hawalazimiki kukupa siku zote 90. Tiketi yako ya kurudi ikionyesha wiki mbili, wanaweza kukuandikia wiki mbili.

Adhabu ya kupitiliza zamani ilikuwa faini. Tangu kanuni za Mei 2014 unatangazwa kuwa mtu asiyetakiwa nchini. Ukipitiliza kwa siku zisizozidi 30, hata ikiwa moja, huingii kwa miezi 12. Ukirudia ndani ya miezi 24, ni miaka miwili. Ukizidisha siku 30, ni mitano. Karatasi unapewa wakati wa kutoka, ukiwa na mizigo yako mkononi, basi linapiga honi.

Halafu kuna hawa wanaompa dereva pasi na randi kadhaa ikagongwe muhuri, wao wamebaki zao Johannesburg. Hili linanikera kuliko yote. Pasi inarudi na muhuri wa kutoka na wa kuingia, ila Zimbabwe haina habari zako, na ukurasa wa katikati ni mweupe. Mpakani wanachukua picha na alama za vidole. Madereva wamekamatwa na mafungu ya pasi za watu wasiokuwemo ndani ya basi. Ile pasi yetu ya kielektroniki, ya shilingi 150,000, tunayojivunia tangu 2018, unaikabidhi kwa mtu usiyemjua jina la pili!

"Lakini sisi tuliwahifadhi Mazimbu." Nalijua hilo, na kifua kinanijaa kila nikikumbuka kwamba vijana wa Afrika Kusini walisoma huko Mazimbu, Morogoro, na wapiganaji wao walipiga kambi Kongwa wakati kwao, chini ya ubaguzi wa rangi, hapakaliki. Ni deni la heshima, na wakubwa wetu wana haki ya kulitaja mezani wakizungumzia viza. Dirishani Beitbridge saa nane usiku, mbele ya kijana aliyezaliwa baada ya 1994, halikuongezei hata siku moja.

Wala siwatetei wenyeji. Serikali inayokufungia mwaka kwa kosa la siku moja, yenyewe inakalia maombi ya watu miezi na miezi, hadi imelazimika mara kadhaa kutangaza nafuu ya muda kwa waliokwama kwenye mrundikano wake. Ugumu ni wa upande mmoja, na hilo ni dhuluma.

Njia halali ipo, ila inabana. Ombi la kuongeza muda linapelekwa kupitia VFS, kampuni inayopokea maombi ya viza, siku zisizopungua 60 kabla ya ruhusa kuisha, kwa hiyo mwenye siku 90 ana mwezi wake wa kwanza tu wa kulishughulikia. Wengi huanza kuuliza mwezi wa tatu. Aliyeandikiwa chini ya siku 30 anatakiwa awahi siku saba za kazi kabla. Kwa ruhusa ya matembezi huruhusiwi kufanya kazi. Kuibadilisha kuwa viza nyingine ukiwa humuhumu nchini kwa kawaida hairuhusiwi, isipokuwa wenye ndoa au watoto na raia: Mahakama ya Katiba iliwafungulia mlango mwaka 2019, katika kesi ya Nandutu.

Na aliyekwisha kupewa ile karatasi asikae akilia. Una siku 10 za kazi za kukata rufaa, kwa maandishi, kwenda makao makuu ya Mambo ya Ndani. Ambatisha nakala ya karatasi, pasi, mihuri yote, na ushahidi wa kilichokuchelewesha: cheti cha hospitali chenye tarehe za kulazwa, hati ya kifo, barua ya kampuni ya basi kama gari liliharibika. "Nilisahau" haipokelewi. Na wakala anayekuomba randi ili akufutie jina kwenye mfumo hana mfumo wowote anaoufungua, mnyime.