WhatsApp ya mkeo kwenye laptopu yako: ni haki ya ndoa au udukuzi?

Kuna jamaa yangu tunafahamiana toka chuo, mwaka jana aliunganisha WhatsApp ya mke wake kwenye laptopu yake ya kazini. Wala haikuwa kazi, mke yuko bafuni, simu iko kwenye chaji juu ya friji, namba ya siri anaijua kwa sababu ni mwaka aliozaliwa mtoto wao, akaingia pale kwenye vifaa vilivyounganishwa akaskani ile QR, dakika haijaisha simu ishakaa kwenye chaji kama ilivyokuwa. Wiki tatu jamaa anasoma. Meseji ikiingia kwa mke huku na yeye ofisini inamtokea kwenye kona ya skrini, bosi akipita anaminya.

Alichokuwa anatafuta ni mwanaume, na mwanaume hakuwepo. Alichokuta ni kwamba shemeji yake, mdogo wake mke, ana uvimbe kwenye kizazi na anatakiwa afanyiwe operesheni, hela haijatimia, na mke anabana kidogo kidogo kwenye hela ya matumizi ili amsaidie. Alafu kuna meseji moja ya mke kwa huyo mdogo wake ambayo ndo ilimmaliza jamaa: "usimwambie shemeji yako, saa hizi hana kitu, akijua ataenda kukopa." Sasa we fikiria umekaa ofisini unasoma hiyo. Utauliza nini ukirudi nyumbani? Ukiuliza umejitaja.

Nimeanza na hiki kisa kwa sababu kila mjadala wa simu za wapenzi unaishia kwenye swali moja, "ulimkuta na nani", na mi naona hilo swali linafunika mambo mengine ambayo ni mazito zaidi.

Lakini tuanze na wanaotetea, maana sio wajinga na hoja zao nyingine sijapata pa kuzijibu kirahisi. Hoja ya kwanza ni magonjwa, mwenzako akichepuka anayeletewa ni wewe, kwaiyo mtu anakwambia huu ni mwili wangu siwezi kukaa nasubiri nionewe huruma. Ya pili ni hela. Simu siku hizi ndo benki yenyewe, kuna watu mke amejua mume ana mikopo ya kwenye aplikesheni siku wale wadai walipoanza kumpigia yeye na wakwe zake, kumbe jina lake liliorodheshwa huko. Na ya tatu hii inauma, mtu anafariki ghafla, simu imefungwa, hela ya kwenye laini haijulikani ni shilingi ngapi, aliokuwa anawadai hawajulikani, na familia iko msibani inabahatisha namba za siri mpaka simu inajifunga kabisa. Mtu aliyepitia hiyo ukimwambia habari za faragha anakuangalia tu.

Dini nazo zinavutwa pande zote. Wakristo watakwambia "mwili mmoja", Mwanzo sura ya 2, sasa mwili mmoja una namba za siri mbili kivipi? Waislamu watakwambia Qurani imesema wanandoa ni vazi la kila mmoja kwa mwenzake, sawa, ila Qurani hiyohiyo kwenye Suratul Hujurat aya ya 12 imekataza kupelelezana na sijaona pale pameandikwa isipokuwa mke wako.

Sheria yetu ya Tanzania ndo inachekesha kidogo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inautaja uzinzi kama moja ya vitu vya kuonyesha mahakamani kwamba ndoa imevunjika, na kifungu cha 72 kinakuruhusu hata kumdai fidia huyo aliyezini na mwenzako. Kwaiyo sheria inakutaka uwe na ushahidi. Sasa nenda kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa, faini inaanzia milioni 3 au kifungo kuanzia mwaka 1 au vyote, na simu nayo ni kompyuta, na sijaona kifungu kinachosema mume au mke ameruhusiwa kwa sababu alitoa mahari au alifunga ndoa kanisani. Kenya nako ni vilevile, sheria yao ya 2018 inafika faini ya milioni 5 au miaka 3. Kwaiyo unaweza kwenda mahakamani kudai talaka na skrinishoti zako mkononi, mwenzako naye akauliza swali moja tu, hizi umezipataje.

Sasa msimamo wangu. Mi sina shida na wanandoa kujuana namba za siri, wala kuonana lokesheni. Mdogo wangu wa kike akipanda bodaboda usiku ananitumia lokesheni ya Google Maps na ninamfuatilia kile kidoti mpaka kiingie kwao, nikikiona kimesimama sehemu moja dakika tano napiga. Hiyo ni kuchungwa na yeye ndo ameiwasha, simu yake inamwonyesha kwamba iko wazi, na akifika anaizima na hakuna mtu anayemdai maelezo kwa nini amezima. Mi naona kipimo kiko hapo kwenye kuzima. Kama mwenzako alikupa namba ya siri ila siku akiibadilisha kunawaka moto ndani, basi hiyo hakukupa, ulimnyang'anya taratibu. Na kama kitu unachotumia kimetengenezwa ili yeye asikione, hapo hata usiniambie kuhusu uwazi wa ndoa, maana uwazi gani huo wa upande mmoja.

Maana kuna aplikesheni zimetengenezwa hivyo kabisa. Kwenye maduka ya simu Kariakoo fundi anakwambia kwa sauti ya chini, we niletee simu yake dakika kumi tu, anakuwekea kitu ambacho hata alama yake haionekani kwenye skrini, alafu wewe unasoma meseji, unaona picha, unajua yuko wapi. Wanaouza wanajitetea kwamba ni kwa ajili ya watoto. Sawa, mtoto wa miaka tisa anahitaji kuangaliwa, ila hiyo ya mtoto haina haja ya kujificha, mtoto anaambiwa tu simu hii baba anaiona.

Na kitu ambacho wanunuzi hawafikirii ni kwamba yale mameseji hayaji kwako moja kwa moja, yanapita kwenye kompyuta ya kampuni fulani usiyoijua. Marekani mwaka 2021 tume yao ya biashara, FTC, iliipiga marufuku kampuni ya SpyFone, ikaamriwa ifute data na iwataarifu wenye simu kwamba walikuwa wanapelelezwa. LetMeSpy ya Poland ilidukuliwa 2023, data za watu zikachukuliwa na kampuni ikafunga. 2024 ikawa zamu ya mSpy, na hapo zilizovuja ni hadi barua za wateja wenyewe walizoandika kuomba msaada. Yani mtu ameandika "nataka kuweka kwenye simu ya mke wangu asijue" na imebaki huko na imeili yake. Kwaiyo umeiba siri za mkeo ukaenda kuzihifadhi kwa mwizi mwingine, na zako humohumo.

Watu wanasema ukimchunguza sana bata hutamla. Siupendi huo msemo kwenye hili, umetumika sana kuwanyamazisha wanawake wenye sababu ya kuuliza. Kuuliza ni haki. Kukaa chini ukamwambia mimi sina amani, naomba tufungue simu zote mbili hapa mezani, ni kitu kigumu na kinaweza kuvunja nyumba, ila angalau mko wawili. Tatizo la jamaa yangu ni kwamba hakuuliza, na alichokipata hakina matumizi, kwa sababu siri uliyochungulia inakufunga mdomo wewe kuliko aliyekuwa anaificha. Na yule shemeji je? Yeye hajaolewa na jamaa, hajampa mtu ruhusa, ila uvimbe wake umesomwa ofisini kati ya imeili mbili za kazi. Simu ya mkeo ina mama yake, ina rafiki zake wenye matatizo yao, ina kikundi cha vikoba kizima.

Kwa wenye wasiwasi, fungua WhatsApp nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, ukiona kifaa usichokijua gusa kiondoe, na usidhani ukizima simu umepona, maana vinaweza kuwa hadi vinne na vinaendelea kufanya kazi hata simu yako ikiwa imezimwa, mpaka siku 14. Alafu ile *#21# mnayotumiana kwamba inaonyesha kama umedukuliwa, hapana, inakuonyesha tu kama simu zinazoingia zimeelekezwa namba nyingine, kitu ambacho nacho ni kizuri kujua ila sio udukuzi. Kama unaishi na mtu anayekupiga, usikimbilie kuondoa, atajua umejua, kwanza tafuta pa kwenda na uongee kwa simu ya mtu mwingine.

Jamaa nilimwambia ajitoe alafu akamweleze mkewe. Nusu ya kwanza alifanya. Ile ya pili hakufanya, badala yake alikopa, akamtumia shemeji hela ya operesheni bila kuombwa. Mke alipojua akamuuliza, umejuaje? Akajibu nilihisi tu. Sasa hivi mke anawahadithia ndugu zake kwamba mume wake ana maono, na jamaa kila akisikia hiyo stori anaomba maji ya kunywa.