Rejista ya mofini ijazwe siku ileile

Ndugu zangu wa Dodoma, mimi ni mfamasia. Nilianzia kazi huko nyumbani, sasa niko Uingereza. Kwetu zikitajwa dawa za kulevya tunawaza bangi, heroini na kifungo cha maisha. Mimi naomba tuongelee kitabu.

Mofini ni dawa kali ya maumivu iliyo kwenye kundi la dawa za kulevya. Hapa, ukiacha ile hafifu ya maji, kila mofini inayoingia au kutoka famasi huandikwa kwenye rejista siku hiyohiyo, ikichelewa sana kesho yake. Ukikosea hufuti, unaandika sahihisho pembeni na kuweka tarehe. Aliyekuja kuchukua dawa anaandikwa, na kama aliombwa kitambulisho. Cheti cha daktari lazima kitaje idadi kwa tarakimu na kwa maneno, na siku 28 zikipita hakifai tena. Hata mofini iliyokwisha muda hatuiharibu wenyewe bila shahidi aliyeidhinishwa. Salio linahesabiwa, na kikikosekana kidonge kimoja kitatafutwa.

Baadhi ya ukali huu umetokana na vifo. Januari 2000 daktari Harold Shipman alitiwa hatiani kwa kuwaua wagonjwa wake 15 kwa diamofini, yaani heroini ya hospitali. Dawa alikuwa akizichukua kwa majina ya wagonjwa, na mwenyewe hakuwa na rejista. Uchunguzi ulioongozwa na jaji Janet Smith ukafichua mianya, sheria zikakazwa.

Kwetu sheria zipo. Tuna Sheria ya Famasi ya 2011, tuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wako hapohapo Dodoma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, unaotubana sisi na Waingereza sawasawa, unataka kumbukumbu hizi zitunzwe kwa muda usiopungua miaka miwili. Lakini kwenye famasi moja niliyofanyia kazi, rejista ilijazwa mkaguzi akisikika yuko njiani: mwezi mzima, kalamu moja, mwandiko mmoja. Na kuna maduka ambayo cheti cha mfamasia kimetundikwa ukutani, mwenyewe haonekani. Hapo nani atasaini?

Anayeumia ni mgonjwa. Mwenye famasi asiyekiamini kitabu chake anaogopa hata kuweka mofini. Akikaguliwa atajieleza vipi? Basi mama wa Mpwapwa mwenye saratani ya shingo ya kizazi anapewa parasetamoli na kuambiwa avumilie. Hili linaniuma kuliko wizi wa dawa wenyewe, maana mofini ni dawa yake kwa haki. Rejista iliyonyooka humpa mfamasia ujasiri wa kuitoa.

Kwa hiyo wakaguzi waje bila taarifa, wafungue kabati, wahesabu chupa moja moja mbele ya kitabu. Na wenye maduka, mwacheni mfamasia dakika chache kabla ya kufunga apige hesabu ya salio. Msimwite kaunta wakati huo.