Kwani Mbuzi Wamekwisha?

Mjomba wangu hakuwa mtu wa kusoma vitabu. Alikuwa mtu wa kuvipiga marufuku, na kazi hiyo aliifanya bila mshahara.

Ilikuwa 1987, enzi za Nyayo, yaani za Rais Moi wa Kenya. Mimi niko kidato cha pili, twakaa Kibokoni, Mombasa, nyumba ambayo ngazi zake zilianza kulia kabla hujazikanyaga. Rafiki yangu wa darasani aliniazima *Shamba la Wanyama* cha George Orwell, ile tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka 1967. Kitabu kilikuwa mahututi. Jalada halikuwepo, uzi ulishakatika, na kurasa zilishikana kwa gundi ya unga wa ngano na kwa rehema za Mungu.

Nilikuwa nimejilaza nasoma, mjomba akaingia.

"Hicho chasema nini?"

"Hadithi ya wanyama, mjomba."

Akavaa miwani, akakifungua katikati. Alisoma kama mistari miwili hivi.

"Nguruwe?" Akanitazama. Akasoma tena. "Nguruwe, ndani ya nyumba hii? Na yuwatoa hotuba?"

"Ni mfano tu, mjomba."

"Mfano! Kwani mbuzi wamekwisha?"

Kwa miaka mingi niliamini swali hilo lingeweza kutoka kinywani mwa mjomba peke yake. Kumbe wapi! Mwaka 1944, kule London, George Orwell alipokuwa akihangaika na mswada huo mlango kwa mlango, mchapishaji Jonathan Cape, baada ya kushauriana na afisa mmoja wa Wizara ya Habari, alimwandikia kwamba hadithi ingekera watu kidogo zaidi kama tabaka linalotawala lisingekuwa nguruwe. Wachapishaji wanne walikikataa, kikaja kutoka 1945. Basi huyo Mzungu na mjomba wangu, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilimfikisha Voi, walikuwa na rai moja.

Lakini nguruwe walikuwa kisingizio. Mjomba alifunga dirisha, akanisogelea hadi nikasikia harufu ya tambuu.

"Na huyu nguruwe mwenye hotuba... ni nani?"

"Ni nguruwe tu."

"Yule kijana wa Kuze naye zilikuwa karatasi tu."

Kijana wa Kuze ni Abdilatif Abdalla. Kuze na Kibokoni ni pua na mdomo, kwa hivyo kisa chake kwetu kilikuwa cha nyumbani. Mwaka 1968 aliandika kijitabu cha kurasa chache, *Kenya: Twendapi?* Serikali haikupenda kuulizwa njia, na tangu 1969 akafungwa miaka 3. Huko gerezani akawa anatunga mashairi kwa siri, anayaandika kwenye karatasi za chooni, na 1973 yakatoka kitabu, *Sauti ya Dhiki*. Mwaka uliofuata kikapata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais yuleyule ambaye serikali yake ilimtia ndani. Mjomba sehemu ya jela aliijua kwa moyo. Ile ya tuzo sikumsikia akiitaja hata siku moja.

Wala simlaumu sana kwa woga wake. Mwaka uo huo wa 1987, kama alivyokuja kusimulia Ngũgĩ wa Thiong'o mwenyewe, serikali ilipata habari kuwa kuna mtu aitwaye Matigari azungukaye nchi akiuliza ukweli na haki vyapatikana wapi. Amri ikatoka akamatwe. Polisi walipotafuta wakagundua ni mhusika wa riwaya ya Ngũgĩ. Basi kwa kuwa mtu hakamatiki, wakaenda madukani wakakamata kitabu. Katika nchi ya namna hiyo, nguruwe akihutubia, mwenye akili afunga dirisha.

"Kakitupe," mjomba akaamuru.

Ningekitupaje, nami si changu? Nikafikiria kwa akili zote za miaka kumi na mitano: mahali pa kuficha karatasi ni kwenye karatasi. Mama alikuwa akiuza bajia na viazi karai pembeni mwa njia, na chini ya meza yake kulikuwa na rundo la magazeti ya kufungia. Nikakisokomeza katikati ya rundo, nikaenda zangu madrasa.

Narudi magharibi, barazani kimya. Hakuna dhumna, hakuna ubishi wa mpira, muuza kahawa kakaa na dele lake hana wa kumnywea. Kila mtu kainamia karatasi ya bajia. Kuli mmoja wa Kilindini alikuwa chini ya taa akisoma kwa sauti, na fundi cherehani akimkatiza: "Rudia hapo, yakhe, rudia hapo pa mayai ya kuku!" Shida ilikuwa mafuta. Karatasi ililowa hadi upande wa pili ukaonekana, maneno ya kuku yakaingia kinywani mwa nguruwe, na kitunguu kilipoganda hapakusomeka kabisa.

Nikakimbilia mezani. Binti wa khala alikuwa amebakiwa na karatasi nne, anachana na kukunja, anachana na kukunja. Mteja mmoja alikuwa amerudi mara ya tatu.

"Za shilingi mbili, lakini nifungie ukurasa unaofuata wa 41."

Mama alidhani ni chatne yake ya ukwaju. Hadi leo sijamwambia.

Ndipo akaja mjomba, katoka msikitini, kanzu nyeupe pepe. Nikajibanza nyuma ya mlango. Alikula moja. Akaitazama karatasi. Taya likasimama. Nikaanza kuhesabu: sasa atapiga kelele, sasa hivi. Akaigeuza upande wa pili. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni, na doa la mafuta likachanua juu ya kanzu.

"Nipe nyengine."

"Kaka, na hivyo vidonda vyako vya tumbo?"

"Nipe nyengine, n'nakwambia!"

Usiku huo baraza iligawanyika vipande viwili. Farasi kaanguka kwa kazi, gari limekuja kumchukua, nguruwe wasema apelekwa hospitali. Kuli akasema hospitali ni hospitali. Fundi akasema gari lile halimpendezi, na punda, ambaye ajua kusoma, alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuwasomea wenziwe maandishi ya ubavuni mwa gari. Ukurasa ukaishia papo. Wa pili yake ulifungiwa bajia za mtu aliyekuwa akiwahi feri ya Likoni.

Saa sita usiku ngazi zikalia. Mjomba akasimama mlangoni kwangu, taa hakuwasha, lakini kitunguu kilimtangulia.

"Kile kitabu ulikitupa?"

"Nilikitupa, mjomba."

"Vyema." Kimya. "Na hukuwahi kufika mwisho?"

"La."

Akahema. Nikasikia kitu chachakarika gizani, akanitia mkononi noti ya shilingi ishirini.

"Kesho katafute chengine. Kivae karatasi ya kaki, juu yake uandike Hisabati. Ukija kunisomea, nguruwe uwaruke. Mimi nataka ya farasi tu."