Ulaya moto unaulipa mara mbili, muulize mfinyanzi

Bandugu wa Bukavu kule Kongo, kila nikipiga simu naulizwa swali moja tu, eti wewe unafanya kazi karibu na furu, tanuri ya vyungu, ya digri 1200, baridi ya Ubelgiji inakupata wapi? Inanipata kwenye vidole! Atelye yetu hapa Liège ni garaji ya zamani, chini sementi, juu bati, na udongo wenyewe umejaa maji, ukiushika asubuhi ya mwezi wa kwanza vidole vinakufa ganzi kabla chungu hakijasimama kwenye gurudumu. Furu nayo imefungwa, moto wake ni wa vyombo, si wako.

Alafu muelewe kitu, shofaji, moto wa kupasha chumba, si ya kutuhurumia sisi, kwanza ni ya udongo. Usiku ikishuka chini ya sifuri maji ndani ya udongo yanaganda yanavimba, karibu asilimia 9, kile chungu kibichi ulichokiacha kizuri jioni unakikuta kimepasuka, na udongo wa kwenye magunia lazima uukande upya wote. Ndiyo maana nasema tunalipa mara mbili, moto wa kuchoma chungu na moto wa kukilinda mpaka siku ya kuchomwa. Na toka vita ya Ukraine ianze 2022 gesi na umeme vikapanda bei, fakture, bili ya moto, ikawa inafunguliwa kama barua ya tribunal, ya mahakama. Serikali ilishusha kodi ya umeme toka 21% mpaka 6%, lakini kwa nyumba za watu, siye wenye biashara ndogo tukabaki tunaangalia.

Sasa tunaishi kwa akili. Furu haiwashwi mpaka ijae kabisa, hata nafasi ya kikombe kimoja haiachwi, na inawashwa usiku ju kuna bei ya chini. Asubuhi inapopoa ndiyo inatupashia chumba, wote tunasogeza meza karibu nayo, ila hakuna kuifungua mpaka ishuke chini ya 100 la sivyo vyombo vinalia tik tik, hiyo sauti ukiisikia ujue rangi yake ya kioo inapasuka na pesa inaenda. Udongo tunaupandisha kwenye mbao mbali na ukuta wa nje, tunaufunika na blanketi za zamani. Maji ya kufinyangia ni ya moto, tunachemsha birika moja tu na kuimwaga kwenye ndoo, hiyo birika ni rahisi kuliko kupasha garaji nzima. Na dirisha linabaki wazi kidogo hata kama kuna theluji, ndani ya moshi wa furu kuna ileile sumu isiyo na harufu inayoua watu kwetu wakiingiza mbabula, jiko la makaa, chumbani usiku. Hapa pia inaua kila mwaka, msifikiri Wazungu wamepona.

Kwetu je? Bukavu iko karibu mita 1500 juu, jioni unavaa koti, lakini udongo haugandi hata siku moja. Bamama wa Kibatwa kule Kabare na Kalehe walikuwa wanachoma vyungu inje, majani makavu na vijiti juu yake, kazi inaisha siku hiyohiyo, moto ni mmoja tu, wa kuchoma chungu. Kwa hiyo upande huo tumewashinda, sitaki mtu anibishie.

Penye wanatuzidi ni kuutunza moto. Furu ya hapa ina matofali mepesi lakini manene, moto mwingi unabaki ndani hata ikifika digri 1000. Sisi mbabula ya bati tupu inapasha upepo wa parselle nzima, kiwanja chote, na makala yenyewe, yaani makaa, yanatoka Kalehe, Kabare, mengine yanakatwa mpaka ndani ya parc ya Kahuzi-Biega. Hakuna fakture, ndiyo maana tunaona ni rahisi. Lakini mama wa Kadutu, kwenye mitaa ya watu wa chini, ananunua kwa sashe, kimfuko kidogo, kila siku, na mwisho wa mwezi amelipa kuliko yule wa Nguba, mtaa wa wenye pesa, aliyenunua gunia zima na ana umeme juu yake. Ile mbabula yenye udongo wa kuchomwa ndani inakula makala kidogo, na nani anaweza kuufinyanga huo udongo kama si mafundi wetu? Hiyo ndiyo kazi ya ufinyanzi kwetu, kuliko vazi za maua za kuuzia watu wa ONG, wale wa mashirika ya misaada.

Na bale wanaoniandikia nitume furu ya umeme, hapana yaya. Bwawa letu la umeme Ruzizi I ni la wakati wa Wabelgiji, Ruzizi II la 1989, na delestaji, kukatiwa umeme kwa zamu, munaijua kuliko mimi. Umeme ukikatika saa nyingi furu ikiwa kwenye 900 inapoa, unaanza upya na yote uliyolipa imeenda. Nitumieni picha za udongo wa mabonde ya kwenu na muniambie ukikauka unapasuka ama hapana, hapo tunaweza kuzungumza.