Ruzuku zavuka bahari, Horohoro hazivuki

Barabara ya lami kutoka Tanga mjini hadi Horohoro, mpakani na Kenya, kilomita 65, ilijengwa kwa ruzuku. Ni sehemu ya mkataba wa dola milioni 698 ambao Tanzania ilitiliana saini na Marekani mwaka 2008 chini ya mpango wa Changamoto za Milenia. Kabla ya hapo, mvua ikishika, safari ya Mombasa ilikuwa ya kudra ya Mungu. Siku hizi machungwa ya Muheza yanapita, mahindi yanapita, harusi zinapita na mabasi yake. Mhadhiri simwoni.

Huwa nalifikiria hilo nikipita Gombero, wilayani Mkinga, ambako Chuo Kikuu Mzumbe kinajenga kampasi ya Tanga. Fedha za majengo zinatoka kwenye mradi wa kuboresha elimu ya juu, HEET, na tusidanganyane: zile dola milioni 425 ni mkopo wa Benki ya Dunia, tutazilipa. Ruzuku inatafutwa kwa yale yatakayofanyika ndani ya kuta: utafiti wa pamoja na vyuo vya nje, mitaala, kubadilishana wanafunzi. Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Wapo wanaosema chukua kila kinachotolewa, na wapo wanaosema fedha za mfadhili zinakufanya mtumishi wake.

Wa kwanza wana ushahidi, tena wa hapa hapa. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilifanyiwa jaribio la awamu ya tatu kuanzia 2009 hadi 2014, kwa watoto zaidi ya 15,000, katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Vituo vya Tanzania vilikuwa viwili, Korogwe na Bagamoyo. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, na ya pili yake, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo, ikafuata Oktoba 2023. Hakuna chuo kimoja, wala nchi moja, ingeweza kupata idadi ile ya watoto na aina zile za mazingira peke yake. Na vituo hivyo havikuzalisha takwimu tu. Vimewalea mafundi sanifu wa maabara, watakwimu na wauguzi wa utafiti.

Wanaosema tujitegemee kwanza, nami huwaelewa, wanapaswa kuikumbuka Amani, wilayani Muheza. Kituo kile cha milimani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kilimo, kisha kikaja kuwa makao ya taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki nzima. Hapo palikuwa na ushirikiano wa kuvuka mipaka wenye fedha za majirani wenyewe. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikaondoka na kipande chake. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoziunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kuanzia 1963, kilikuwa kimeshatangulia kugawanyika mwaka 1970. Kwa hiyo fedha zetu wenyewe nazo zina siasa zake.

Upande wa pili nao wana Mbegani yao. Nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, Norway ilijenga kituo cha mafunzo ya uvuvi chenye karakana na vyombo vya kisasa, wakati mvuvi wa kawaida wa Dunda alikuwa na ngalawa na mshipi. Wachambuzi wa misaada wanakitaja mpaka leo kama mfano wa kifaa kilichotangulia mtumiaji. Chuo kipo na kinafundisha, sasa chini ya wakala wa serikali wa elimu ya uvuvi, FETA, lakini mtu anayetaka kujua hasara ya kuletewa jibu kabla hujaulizwa swali, aanzie pale.

Mimi naona pande zote mbili zinagombania jambo ambalo si lenyewe. Shida kubwa ya ruzuku hizi ni mpaka zinaotutaka tuuvuke. Chukua Erasmus+, mpango wa elimu wa Umoja wa Ulaya, kipengele cha kujenga uwezo wa elimu ya juu. Mradi wa ngazi ya kwanza unapewa euro 200,000 hadi 400,000, muda wake miaka miwili au mitatu, na lazima ndani yake viwemo vyuo kutoka nchi zisizopungua mbili za Ulaya. Ni haki yao, fedha ni za walipakodi wao. Lakini maana yake ni kwamba chuo cha Tanga na chuo cha Mombasa haviwezi kuomba vikiwa viwili tu, hata kama tatizo ni la pwani moja.

Na tatizo la pwani moja lipo. Mto Umba unaanzia milima ya Usambara, unashuka nyika, unavuka mpaka na kumwaga maji yake baharini upande wa Vanga, Kenya. Wanavijiji wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wanatunza mikoko na kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo, chini ya mradi wa Vanga Blue Forest ulioanza mwaka 2019. Mikoko ile inakunywa maji ya Lushoto. Mkulima wa mbogamboga akikata msitu kule juu, tope halisimami Horohoro kugongewa muhuri. Upande wa huku, Jasini, mikoko ni ile ile na Wadigo ni wale wale. Wanawake wa Mkinga wanalima mwani, na wenzao wa Kibuyuni, Kwale, wanalima mwani. Wote wanatazama bahari ile ile ikipata joto. Sijui ni swali gani la utafiti lililo wazi kuliko hilo, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kiko safari ya asubuhi moja tu.

Kuna neno la wafadhili linalonikera: ubunifu. Niliwahi kukaa na wahadhiri wa chuo kimoja tukiandika andiko la mradi. Walichohitaji kilikuwa kemikali za maabara, boti na fundi wa kutengeneza mashine iliyokufa. Tuliishia kuandika jukwaa la kidijitali, kwa sababu kemikali si ubunifu. Mwomba chumvi huombea chungu chake; sisi siku ile tuliomba chumvi kwa ajili ya chungu cha msomaji wa andiko. (Hatukupata, na nilifurahi kimoyomoyo.)

Kwa nini basi tusiwaache Wazungu, tushikane na jirani? Hapa ndipo hoja yangu mwenyewe inaponibana. Jirani naye hana mashine. Shahada ya Kenya ni miaka minne, ya kwetu mara nyingi mitatu, hivyo kuhamisha masomo bado ni kazi, ingawa wakuu wa nchi walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lipo Kampala na viwango limeviandika, ila Jumuiya yenyewe hulalamika kila mwaka kwamba michango ya wanachama inachelewa. Chuo cha Ulaya kinaleta mhasibu aliyezoea masharti, maabara ya kupokea sampuli na jina linalofungua milango. Kukikataa kwa ajili ya heshima ni kiburi cha maskini.

Njia ninayoiona inafaa tayari ina mfano. Mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi ndani ya Afrika unavifanya vyuo vya Afrika kuwa washirika wakuu, na chuo cha Ulaya kinabaki mshirika wa kiufundi. Hata kwenye Erasmus+ kanuni zinaruhusu chuo cha Afrika kuwa mratibu. Kinachovitisha vyuo vyetu ni hesabu: fungu la mwisho hulipwa kazi ikishakamilika na ripoti ikikubaliwa, na mratibu ndiye anayebeba lawama ya kila mshirika. Kwa hiyo chuo cha pwani kikinipa shilingi zake za kwanza nizipangie matumizi, nitaajiri mhasibu wa miradi kabla ya kununua kompyuta hata moja. Kisha nitampa nauli ya kwenda Mombasa, akakae wiki nzima na mhasibu mwenzake, wakubaliane jinsi risiti ya boti iliyokodiwa Vanga itakavyoandikwa kwenye vitabu vya Tanga.